Kikapu Kilichobaki Juani

Omurushaka, Karagwe
8 Juni 2023

Mama Mdogo Adela,

Kabla ya salamu nakuomba kitu kimoja. Barua hii isome ukiwa peke yako, na ukimaliza itie jikoni, moto uile. Usimsomee mtu hata kipande cha salamu. Ukiulizwa nimeandika nini, sema nimeuliza habari za kahawa. Neno moja la humu likitoka nyumbani kwako litanifikia hapa kazini kwa mdomo wa mtu mwingine, nami nitakuwa sina kazi.

Shikamoo. Mimi mzima, ila asubuhi kifua kinanibana kwa vumbi la barabara na harufu ya dawa za mifugo. Bado nakaa kile chumba cha nyuma ya mashine ya kukoboa kahawa. Jumapili padri aliwaombea wakulima, nikakukumbuka. Goti lako likoje? Huku wameshaanza kutandika majamvi ya kahawa mbele ya nyumba, hata pa kupita ni shida.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Jana nilipiga. Alipokea Benitha, mke wa jirani yako Byabato, akasema uko shambani. "Sema tu, nitamfikishia." Nikasema nilitaka kukusalimu. Na hata ungekuwepo, simu wewe huiweka sauti ya nje kwa sababu ya masikio yako, na kila aliyekaa uani anasikia mpaka ninavyovuta pumzi. Bora karatasi.

Ninachouliza ni hiki. Kile kichupa cha chanjo ya mdondo nilichokupa ulipokuja dukani wiki iliyopita, umeshakitumia? Kama bado, nakusihi usikitumie. Kifukie. Usiwatie kuku wako, na zaidi sana usiwatie kuku wa majirani. Nitakutafutia kingine. Kama umeshakitumia, niandikie kuku wanaendeleaje. Usiniulize sababu. Mwenye duka, Bwana Kaijage, ana macho ya kumsoma mtu, na mimi uso wangu haujui kuficha.

Nimempa barua dereva wa hiace ya Murongo. Ameahidi kuiacha kwa muuza mikate pale kituoni Kamuli.

Mwanao,
Fidele


Kamuli, Kyerwa
2 Julai 2023

Mwanangu Fidele,

Marahaba. Barua yako imenifikia leo. Yule dereva wako alipitiliza nayo hadi Murongo, akaingia kwenye harusi ya shemeji yake, na gari likamharibikia huko huko. Muuza mikate ameniletea akisema, "Mama Adela, barua yako imekunywa kuliko mimi." Kweli inanuka orubisi, kama mtu aliyelala kilabuni.

Goti linauma mvua ikikaribia, na mvua hakuna, kwa hiyo halijambo. Kaburi la baba yako mdogo Hagenimana tumeliwekea msalaba mpya, ule wa zamani mchwa waliumaliza. Kahawa ni ya wastani.

Barua nimeichoma kama ulivyosema.

Matone niliyatumia siku nyingi zilizopita, mwanangu. Nilitangaza kwa majirani wasiwafungulie kuku asubuhi ile, na kila mtu akaja na wake, wamefungwa miguu, wengine kwenye matenga. Nilikaa kwenye kigoda, namshika kuku, namlaza ubavu, tone moja jichoni, nangoja apepese, namwachia. Benitha akasema, "Na mimi nitie, Mama Adela, jicho hili linawasha tangu Pasaka." Byabato alimleta mwenyewe yule jogoo wake mkubwa anayemwita Diwani. Akasema, "Mtie la kulia. La kushoto ndilo analochungulia kuku wa watu." Tulicheka sana. Tangu wamzike mama yake sikuwa nimemwona Byabato akicheka.

Kuku hawajambo. Nilifanya kama ulivyonifundisha, matetea watatu walalie kwa pamoja ili waangue pamoja. Wameangua wiki hii, na vifaranga wote nimempa mmoja alee, yule mweupe mwenye mstari mweusi kiunoni ninayemwita Kibwebwe. Hakuwabagua. Wale wenzake wawili nimewarudisha kutaga. Ukiona Kibwebwe anavyotembea na kundi lile utadhani mwalimu mkuu. Nikigonga ungo wanakuja mbio wote, kama ulivyokuwa ukija wewe ulipokuwa mdogo, kwa kuwa mimi sikuweza kusikia ukiitika uko wapi.

Umesema nisiulize sababu. Sijauliza. Lakini umeandika kama mtu aliyeona nyoka kaingia ndani na hataki kusema kaingia chumba gani.

Mimi mama yako mdogo,
Adela


Omurushaka
16 Julai 2023

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za msalaba, nami nitakuja kuliona kaburi nikipata ruhusa. Bwana Kaijage alirudi mwanzoni mwa Juni kutoka kwao Muleba, alikokwenda kwenye kipaimara cha mwanawe. Alituletea samaki wakavu, na mimi alinipa shati. Ni mkarimu akitaka. Ananiita "msomi wangu" mbele ya wateja.

Nashukuru kuku ni wazima. Nakuomba ufanye yafuatayo, usione nakusumbua. Kibwebwe na vifaranga wasitoke uani kabisa mpaka kiangazi kiishe. Zungushia miti, juu weka wavu kwa ajili ya mwewe. Wawe na chombo chao cha maji, asinywee kuku mwingine. Mtu akija ameshika kuku mkononi, mzungumze naye nje. Kuku wa sokoni asiingie kwako hata kama ni zawadi. Ukiona kuku amejikunyata peke yake, anaharisha kijani, au shingo inapinda kama anayetafuta kitu mgongoni, usimchinje, usimpe mtu. Mfukie mbali.

Umeme huku unakatika sana. Pentekoste yote tulikuwa gizani. Lakini hayo ni ya kwetu huku.

Vifaranga wachimbie mchwa, wanawakuza upesi. Barua hii nayo ichome.

Fidele


Kamuli
13 Agosti 2023

Mwanangu Fidele,

Marahaba. Mimi sijambo mwilini. Kahawa tumeshaanika. Salamu hazitakuwa ndefu leo.

Kuku wa kitongoji wanakufa. Ilianza kwa Byabato. Yule Diwani aliamka hakuwika, akawa anazunguka pale pale, shingo imepinda, kichwa kinatazama juu. Watoto walidhani anacheza, wakampigia makofi. Jua halijazama alikuwa ameshalala ubavu. Baada yake wakafuata matetea wake, kisha wa majirani wengine, nyumba baada ya nyumba. Wale wenzake Kibwebwe wawili waliokuwa wakizurura nje nao wamekufa. Nyumba nyingine hakuna hata unyoya wa kuambiwa huu ulikuwa wa kuku wetu.

Kibwebwe na watoto wake wako hai, kwa kuwa niliwafungia uani kama ulivyoagiza. Na hilo ndilo lililoniponza.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano. Byabato akasimama akasema, "Waitu, ndugu zangu, mimi simwiti mtu mchawi. Nasema hivi: kuku wetu waliguswa na mkono mmoja, na mwenye mkono huo wa kwake wanakula pumba mpaka leo, tena aliwafungia mapema. Alijua nini?" Nilikaa karibu nipate kusikia. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba ardhi tulipewa na wazee wao. Mwingine akasema, "Arudi kwao." Kwetu wapi, Fidele? Kitovu changu kimezikwa kwenye migomba ya hapa hapa Kamuli. Ni babu ndiye aliyetoka Rwanda, na sura yake siikumbuki.

Nikaona wataishia kusema uchawi, na hilo likishasemwa halirudi. Ndipo nikakumbuka.

Siku ile nilipotoka kwako na kichupa nilikifunga kitambaa chenye maji, nikakiweka kikapuni. Niliposhuka kituoni nikasikia vilio kwa Byabato. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi ile. Ningewezaje kupita njia? Na mtu haingii msibani na kikapu cha safari, kama aliyepita kuuza kitu. Nikakiacha nje kwenye nyasi, kivulini, nikaingia nikakaa na wanawake. Nilipotoka kivuli kilikuwa kimehama na kitambaa kimekauka.

Basi nikawaambia. Nilisimama nikasema, "Msitafute uchawi. Ni mimi. Dawa ilikaa juani nikiwa nalia na nyinyi." Byabato akatazama chini. Waliamua kwamba vifaranga wa Kibwebwe wakiachana na mama yao wagawiwe waliopotelewa, na mimi nisiguse tena kuku wa mtu.

Wewe umesoma. Niambie kweli: jua la muda ule laweza kuua chanjo?

Adela


Omurushaka
27 Agosti 2023

Mama Mdogo,

Shikamoo, na pole sana. Mimi mzima.

Ni kweli jua huharibu chanjo. Hata karatasi inayokuja nayo inasema isikae kwenye joto. Lakini usijilaumu kupita kiasi. Ulifanya kwa nia njema.

Samahani barua ni fupi. Tunapokea mzigo.

Fidele


Kamuli
12 Novemba 2023

Fidele,

Sijambo. Nilipata ile barua yako ya Agosti, na tangu hapo hujaandika. Nilidhani unaumwa, lakini muuza mikate alikuona dukani umevaa shati jipya.

Vifaranga wa kwanza walikua, nikawagawa. Nilimwita kila mtu akachague mwenyewe. Byabato alikuja kuchukua wa kwake akiwa na tenga. Nilimletea maji kwenye kikombe, akasema ana haraka. Jirani wa tangu nikiwa mwali, Fidele, amekataa maji.

Kisha Kibwebwe akataga tena, akalalia, akaangua mvua zilipoanza. Nilifurahi, nikasema hawa sasa ni wangu, hawana deni. Alhamisi alipenya kwenye ua akatoka njiani kuparua matope. Nilimkuta amepigwa jiwe. Mkono uliorusha sikuuona. Vifaranga walikuwa wamejificha chini ya bawa lake, bado lina joto.

Nimewaweka ndani kwenye tenga lenye majani makavu ya migomba, katikati nimeweka chungu cha maji ya moto nilichokifunga gunia. Wanajibana kwenye chungu wakidhani ni mama. Kikipoa wanalia, hivyo wanavyosema watoto wanaopita, kwa kuwa mimi siwasikii. Nawagusa kwa mkono kujua kama wanatetemeka.

Juzi asubuhi nimekuta migomba yangu ya upande wa njia imekatwa. Mikungu ilikuwa bado michanga, imelala chini na maua yake. Hakuna aliyeichukua. Wangeichukua ningejua ni njaa.

Jambo la mwisho. Joanitha wa Ihembe alikuja kunitazama, yule tuliyeimba naye kwaya. Huko kwao nako kuku walikufa, waliotiwa matone na wasiotiwa. Kichupa chake alikinunua hapo hapo kwenu, siku zile zile. Anasema alikibeba ndani ya chupa ya chai yenye barafu, hakikuona jua hata kidogo. Nilimwambia labda ni upepo mmoja tu. Nikamwongezea uji, tukazungumza mengine.

Sikuandikii haya ili unijibu.

Adela


Omurushaka
26 Novemba 2023

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sitauliza habari za nyumbani kwa sababu ninazijua na mimi ndiye niliyezifanya ziwe hivyo.

Jua halikuua chanjo yako. Ilikuwa imeshakufa nilipokupa. Nakuapia sikujua siku ile. Nilikihisi kichupa hakina baridi kama ilivyo kawaida, nikajiambia ni mikono yangu. Ulipokwisha kuondoka ndipo nilipoanza kusafisha friji. Pakiti za barafu tunazipanga zimesimama. Nilizikuta zimelala chini zote, zimeshikana kama sakafu moja. Zilikuwa zimeyeyuka zikaganda upya. Umeme ulikatika Pentekoste yote, na jenereta halikuwashwa, kwa sababu mwenye duka alikuwa Muleba na funguo alikwenda nazo.

Aliporudi nilimwonyesha. Alifunga mlango wa friji kwa goti. "Wewe ni karani au fundi wa friji?" Nikamwambia barafu iliyeyuka, chanjo imekufa. Akasema, "Uliiona ikifa? Ilikuaga?" Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akanishika bega, akasema wakulima wakija kulalamika niwaulize walibebaje: kwenye baiskeli, kwenye kikapu, juani? "Waache watafute wenyewe. Hakuna atakayekosa kosa lake."

Ndiyo maana nilikuandikia usitumie, na sikusema kwa nini. Ndiyo maana nilikwambia uwafungie vifaranga. Na uliponiuliza kuhusu jua, nilikujibu maneno yake. Kila neno lilikuwa kweli na nililiandika ili kukudanganya. Nimeandika barua nyingine tangu Agosti, zote nimezichana. Nikimwona mteja kutoka Kyerwa natoka kwenda ghalani.

Naogopa, Mama Mdogo. Naogopa kufukuzwa, naogopa kuulizwa mimi nani na baba yangu alitoka wapi, maana hapa mtu akikosana na mwenye duka ndilo swali la kwanza. Lakini nitakuja Kamuli Jumapili utakayoitaja, nisimame baada ya misa niwaambie. Taja siku.

Fidele


Kamuli
17 Desemba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Vifaranga walioachwa na Kibwebwe wengi wamepona. Wawili walikufa siku chungu kilipopasuka. Waliobaki wameshaota manyoya ya mabawa, wanarukia meza. Noeli hii sijaalikwa popote, nitapika ndizi zangu na maharage ya Joanitha.

Uliyoandika nilikuwa nayajua tangu Joanitha alipokaa kwenye mkeka wangu. Nilingoja uniambie mwenyewe. Nilijiambia akiniambia mwenyewe basi ni mtoto yule yule.

Friji haikuniuma. Umeme si wako na funguo si zako. Kilichoniuma ni ile barua fupi. Nimekaa miezi nikijilaumu kwamba nilikaa msibani. Nikawaza, ningepita tu, kuku wa watu wangekuwa hai. Mwezi wa Oktoba alifariki mtoto wa jirani wa ng'ambo ya kisima. Nilikuwa natoka sokoni na kikapu. Nikafika pale watu wamekaa nje, wanawake wanalia, nikashika kikapu changu nikapita. Watu waliniona nikipita. Katika maisha yangu yote sijawahi kupita msiba, Fidele. Hilo sijui nitalirudishaje.

Na sasa sikiliza. Usije, wala usiseme. Ukisema, huyo bwana wako atasema kichupa ulikiiba. Hapa nao watasema mama na mwana walipanga pamoja. Mimi ni mzee, wananisema na ninalala. Wewe hulali. Kaa na kazi yako, siku moja utapata nyingine, utaondoka pole pole bila kelele.

Nimekusamehe. Usiniulize tena kama nimekusamehe.

Adela


Kihanga, Karagwe
21 Januari 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Joanitha mkononi, dereva simwamini tena. Mimi mzima. Nimekonda kidogo. Nimefurahi vifaranga wanarukia meza.

Sikukutii. Najua utakuwa umeshasikia, lakini nataka usikie kwangu pia.

Baada ya mwaka mpya alikuja dukani mzee mmoja wa huku Kihanga kununua chanjo. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tena. Bwana Kaijage alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Nilifungua friji, nikashika kichupa, kilikuwa na joto kama yai lililotoka kutagwa. Mzee akaniuliza, "Kijana, hii nitie jicho gani?" Nikakumbuka Byabato na jogoo wake. Nikasema, "Baba, usinunue hii. Imekufa." Nilisema taratibu, lakini duka zima liligeuka kunitazama.

Bwana Kaijage hakupiga kelele. Alicheka mbele ya yule mzee, akasema, "Msomi wangu leo hajanywa chai." Mzee alipoondoka mikono mitupu, akaniambia nivue shati lake. Nilitoka dukani na fulana.

Nilisimama barabarani, nikaona sina cha kupoteza tena, basi nikapiga simu yako. Wewe hukupokea. Nikampigia Byabato. Aliniitikia vizuri, akadhani nina habari za bei ya kahawa. Nikamwomba aweke sauti ya nje na awaite waliopo. Nilisikia Benitha akiuliza ni nani, nikasikia mtu mwingine akikohoa. Nikawaambia yote: Pentekoste, barafu, mlango wa friji, barua yangu ya jua. Nikasema kuku wako walipona kwa sababu nilikuagiza uwafungie, na nilikuagiza kwa kuwa nilijua, na wewe hukujua. Nikasema ulijitwika kosa ambalo si lako, na ulilipata ukiwa umekaa kwenye msiba wa mama yake Byabato.

Nikatazama simu kama imekatika. Kisha Byabato akasema, "Mbona umechelewa hivi?" Si kwa hasira. Aliuliza kama anayetaka kujua. Akakata.

Joanitha ameniambia hakuna aliyekuja kwako kukuomba radhi, na njiani bado wanakupita. Ameniambia pia kwamba asubuhi moja ulikuta miche ya migomba imepandwa pale ilipokatwa ile mingine, na aliyepanda hakubisha hodi. Nilidhani nikisema tu mambo yatarudi yalivyokuwa. Nisamehe, hilo nalo nililidhani kama mtoto.

Bwana Kaijage anaeleza watu kwamba kichupa nilikiiba, kama ulivyosema. Ametuma mtu kwenye chumba changu cha zamani kuuliza kwetu ni wapi hasa. Ndiyo maana niko huku. Yule mzee aliyeondoka bila chanjo amenipa chumba cha uani kwake, mimi namsaidia kupalilia kahawa. Usiku nikisikia pikipiki nakaa kitandani mpaka ipite.

Kuna banda hapa, halina kuku tangu kiangazi. Nimelifagia, nimelipaka chokaa, nimenyunyiza majivu kwenye pembe. Mzee anasema likikaa tupu linamtia huzuni. Nimemwambia nina mama mwenye vifaranga. Si lazima uhame, Mama Mdogo. Njoo ukae kidogo upumzike na macho ya watu, miche yako iote.

Ukija, njoo siku ya soko ili usionekane msafiri. Usipande hiace ya Murongo, dereva anaongea. Joanitha atakupitia. Mkishuka Kihanga msiulize mtu jina la Fidele, hapa nimesema naitwa Nsanzimana, jina la baba. Fuateni njia ya mashine ya kusaga mpaka ilipo nyumba yenye bati lililopigwa kiraka cha buluu, mzunguke upande wa migomba. Mlango wangu ni ule wa pili, umefungwa kwa ndani mchana na usiku. Usibishe hodi, siku hizi hodi siitikii, na hata ningeitika usingenisikia. Njoo na ungo. Ukifika simama nje na tenga lako la vifaranga, ugonge ungo kama unavyogonga siku zote.

Nitatoka.

Mwanao,
Fidele